Mtungi wa Homa Bay wawapa somo wanaosomea usanifu wa bidhaa

Na MWANDISHI WETU

MTUNGI wa udongo uliowekwa pembeni mwa sebule, mahali penye kivuli, ni kitu ambacho mgeni aingiapo katika nyumba ya kijijini Homa Bay au Migori anaweza kukipita bila kukitupia jicho. Hata hivyo, mtungi huo umewafunza wataalamu wa afya na waundaji wa vyombo jambo ambalo vyuo vingi huchelewa kulifundisha.

Jambo lenyewe ni hili: chombo kinaweza kupimwa vizuri, kikapita majaribio yote ya maabara, na bado kikakataliwa na mtu aliyekusudiwa kukitumia. Kinapokataliwa, si lazima mtu huyo awe mjinga au mkaidi. Mara nyingi aliyekiunda ndiye hakuuliza.

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hiyo inastahili kuwa somo la kwanza kwa kila kijana anayesomea usanifu wa bidhaa za viwandani, na kaunti hizi mbili za kusini mwa Nyanza zina mifano ya kutosha kulifundishia.

TAALUMA YENYEWE

Usanifu wa bidhaa za viwandani ni taaluma ya kuamua umbo, ukubwa, malighafi na namna ya kutumika kwa vitu vinavyotengenezwa kwa wingi: kiti, jiko, taa, chupa ya dawa, kitanda cha hospitali. Mhandisi huhakikisha kuwa kitu kinafanya kazi. Msanifu naye huhakikisha kuwa mtu anaweza kukitumia bila taabu, na kwamba atataka kukitumia.

Taaluma hii si ngeni nchini. Katikati ya miaka ya 1960, msanii na msomi kutoka Afrika Kusini, Selby Mvusi, alikuwa miongoni mwa waliofundisha usanifu wa viwandani katika kilichokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi. Mvusi alishikilia kwamba usanifu barani Afrika hauna budi kuchipuka katika maisha ya Waafrika wenyewe wanaoishi katika ulimwengu wa kisasa. Alifariki katika ajali ya barabarani humu nchini mwaka wa 1967.

Mnamo 1979, mkutano uliofanyika mjini Ahmedabad, India, chini ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda na baraza la kimataifa la wasanifu wa viwandani, ulitoa azimio lililotaka usanifu utumike kuinua hali ya maisha katika mataifa yanayostawi. Azimio hilo lilitambua pia thamani ya ufundi wa jadi.

Kwa hivyo wazo la kumjali mtumiaji na utamaduni wake si jipya. Lililo gumu ni kulitoa katika maazimio na kulifikisha katika meza ya mwanafunzi anayechora.

CHOMBO KILICHOTOKA MBALI

Turudi kwenye mtungi. Kipindupindu kilipozuka Amerika Kusini mwaka wa 1991, wataalamu wa Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani walishirikiana na wenzao wa eneo hilo kutafuta njia rahisi ya kulinda maji ya kunywa nyumbani. Waligundua kuwa maji safi huchafuka baada ya kuchotwa, pale mikono na vikombe vinapotumbukizwa ndani ya chombo.

Jawabu lao lilikuwa maji kutiwa klorini, kisha kuwekwa katika chombo cha plastiki cha lita 20 hivi, chenye mdomo mwembamba, kifuniko, na mfereji mdogo upande wa chini. Mkono haungeweza kupenya. Chombo hicho kilifanya kazi vizuri katika majaribio.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, shirika la CARE lilipoanza mradi wa maji salama katika vijiji vya Homa Bay, lilikuta hali tofauti. Nyumba nyingi zilikuwa zikihifadhi maji ya kunywa katika mitungi ya udongo, ambayo kwa Kijaluo huitwa dapi, na wenyewe hawakuwa na nia ya kuiacha.

Walikuwa na sababu. Udongo uliochomwa una vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Maji kidogo hupenya humo hadi upande wa nje wa mtungi na kugeuka mvuke, na mvuke huo unapoondoka huchukua joto pamoja nao. Maji yanayobaki ndani hupoa. Katika eneo la ziwani ambako jua la mchana ni kali na nyumba nyingi hazina jokofu, mtungi ndio jokofu. Plastiki haina uwezo huo.

Isitoshe, mgeni anapofika na kukaribishwa maji, maji baridi ni sehemu ya heshima anayopewa. Mwenye nyumba aliyeambiwa aache mtungi wake hakuambiwa abadilishe chombo tu. Aliambiwa ampe mgeni wake maji ya vuguvugu.

WAFINYANZI WAITWA

Wahusika wa mradi wangeweza kuandaa mikutano ya kuwakemea wanakijiji. Badala yake waliwaendea wanawake wafinyanzi wa eneo hilo. Mtungi ulibaki kuwa mtungi, ila ukafinyangwa upya: mdomo ukapunguzwa upana ili mkono usiingie, ukawekewa kifuniko, na mfereji ukapachikwa upande wa chini. Yaliyokuwa muhimu katika chombo cha plastiki yakahamia katika udongo.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2001 katika jarida la afya ya umma la Marekani. Vipimo vilionyesha kuwa maji yaliyotiwa klorini na kuwekwa katika mitungi hiyo yalipungua bakteria wanaoashiria uchafu wa kinyesi. Katika kipindi cha mwanzo cha mradi, takriban thuluthi moja ya nyumba zilikuwa zimeanza kutumia klorini, na chini kidogo ya moja kwa kila tano zilikuwa zimenunua mtungi ulioboreshwa.

Mwanafunzi makini hatashangilia takwimu hizo na kufunga daftari. Atauliza kuhusu nyumba nne kati ya tano ambazo hazikununua. Je, ni bei? Ni uzito wa kuusafirisha kutoka kwa mfinyanzi? Mdomo mwembamba uliozuia mkono mchafu, haukuzuia pia mkono wenye kitambaa cha kuusafishia ndani? Mfereji ukiharibika, fundi yuko umbali gani?

Maswali hayo hayaondoi sifa ya kazi iliyofanywa. Yanaonyesha tu kwamba kumsikiliza mtumiaji si hatua moja inayopigwa mwanzoni na kusahauliwa. Na umuhimu wake si wa darasani pekee. Mwaka wa 2015, Migori na Homa Bay zilikuwa miongoni mwa kaunti zilizokumbwa na kipindupindu.

WATOTO WANALALA WAPI?

Mfano wa pili ni chandarua. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za nchi zinazoathiriwa zaidi na malaria, na kwa miaka mingi serikali na wafadhili wamekuwa wakigawa vyandarua vyenye dawa bila malipo.

Utafiti uliofanywa katika vijiji vya ufuo wa ziwa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka wa 2010 ulibaini kuwa watoto wa kati ya umri wa miaka 5 na 15 walikuwa wakitumia vyandarua kwa kiwango cha chini kuliko watu wa umri mwingine. Chanzo kimoja kilikuwa mahali walipolala. Wazazi na watoto wachanga walilala chumbani, ambako kitanda hakihamishwi na chandarua huning'inia usiku na mchana. Watoto wakubwa walilala sebuleni, mara nyingi juu ya mkeka.

Sebule ni mahali pa kulia, pa kupokelea wageni na pa kusomea. Chandarua cha pembe nne kinachohitaji kamba nne hakina budi kufungwa kila usiku baada ya meza na viti kusogezwa, kisha kufunguliwa kila asubuhi. Kazi hiyo ikiachiwa mtoto wa miaka minane mwenye usingizi, si ajabu isifanyike.

Mpangilio huo wa kulala una mizizi katika desturi. Miongoni mwa Waluo, mtoto akikua halali chumba kimoja na wazazi wake. Kijana wa kiume hujengewa simba, yaani nyumba yake ndogo katika boma, nao wasichana hapo zamani walikuwa wakilala katika siwindhe, nyumba ya bibi, ambako walipata pia mafunzo ya maisha. Boma la namna hiyo lilikuwa na nafasi ya kila mtu. Katika nyumba ya vyumba viwili ya leo, desturi imebaki lakini nafasi imepungua, na sebule ndiyo inayobeba mzigo.

Msanifu aliyezoea kwamba kila mtu ana kitanda, na kila kitanda kina chumba, hawezi kuliona tatizo hili akiwa ofisini. Aliyelala usiku mmoja katika nyumba hiyo atafikiria mara moja chandarua kinachoning'inia kwa kamba moja, au kinachosimama chenyewe juu ya mkeka na kukunjwa kama mwavuli.

Kuna upande mwingine wa kisa hiki. Mwaka wa 2008, watafiti walichapisha ripoti kuhusu vijiji vya wavuvi ambako vyandarua vilipatikana vimetandazwa ufuoni vikianikiwa omena, na vingine vikitumika kuvulia. Wengi walighadhabika waliposikia habari hizo. Lakini kwa mchuuzi wa omena, hicho kilikuwa kitambaa cha bei nafuu au cha bure kinachopitisha hewa na kuwakausha samaki haraka. Pamoja na hasara kwa vita dhidi ya malaria, kisa hicho kilifichua hitaji ambalo hakuna aliyekuwa amelishughulikia: kifaa rahisi cha kuanikia omena. Msanifu aliyefunzwa vyema husoma matumizi yasiyotarajiwa kama barua kutoka kwa mtumiaji.

MWANGA KWANZA, MBU BAADAYE

Katika kisiwa cha Rusinga, Kaunti ya Homa Bay, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi viliendesha mradi wa mitego ya mbu kuanzia 2012 hadi 2015. Mtego wenyewe ulipewa jina la Suna, neno la Kijaluo lenye maana ya mbu. Hutoa harufu inayofanana na ya binadamu, na feni ndogo huwavuta mbu wanaoikaribia.

Feni huhitaji umeme, na nyumba nyingi kisiwani hazikuwa nao. Kwa hivyo kila nyumba iliwekewa paneli ya sola. Paneli hiyo haikuendesha mtego pekee; iliwasha taa mbili na kuchaji simu. Takriban nyumba 4,500 zilihusika. Matokeo yaliyotangazwa mwaka wa 2016 yalionyesha kuwa maambukizi ya malaria katika nyumba zenye mitego yalikuwa chini kwa asilimia 29.8, huku idadi ya aina moja ya mbu waenezao ugonjwa huo, Anopheles funestus, ikishuka kwa asilimia 69.2.

Watafiti wa masuala ya kijamii waliofuatilia mradi huo waliona kuwa kilichowavutia wakazi wengi zaidi ni mwanga. Mtoto alisoma usiku bila moshi wa koroboi, na simu haikupelekwa tena sokoni kuchajiwa. Mtego ulithaminiwa, lakini taa ndiyo iliyopendwa.

Hapa pana funzo la pande mbili. Taa ilifungua mlango ambao huenda mtego peke yake usingeufungua. Papo hapo, kifaa chenye kazi mbili hutunzwa kwa ajili ya ile kazi ambayo mwenyewe anaiona kila jioni, na ile nyingine inaweza kusahauliwa. Msanifu hana budi kulijua hilo mapema na kuunda chombo ambacho mtego wake ukikwama, mwenye nyumba atatambua.

UTAMADUNI SI KABILA PEKEE

Wanafunzi hupenda kudhani kwamba kuzingatia utamaduni ni kuchora nakshi za kabila fulani juu ya kiti. Kaunti ya Migori inatosha kuwasahihisha. Humo wanaishi Waluo, Wakuria, Wasuba na jamii nyinginezo. Kuna wavuvi wa Karungu, wakulima wa miwa wa Awendo na wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Nyatike. Kazi anayoifanya mtu humjengea mazoea, miiko na lugha kama vile ukoo wake unavyomjengea.

Tuchukue wachimbaji wa dhahabu. Wengi wao hutumia zebaki kuinasa dhahabu, kisha huichoma zebaki hiyo kwenye makaa. Mvuke wake ni sumu inayodhuru ubongo na neva, na huwafikia pia kina mama na watoto walio karibu. Kuna vyombo vilivyofungwa ambavyo huukamata mvuke huo na kuurudisha kuwa zebaki inayoweza kutumika tena.

Katika nchi kadhaa zenye uchimbaji wa aina hii, vyombo vya chuma vya namna hiyo vilikataliwa. Mchimbaji hakuweza kuiona dhahabu yake ikiwa ndani, na aliyetoka jasho siku nzima hataki mali yake ifichwe machoni pake mbele ya mnunuzi. Baadhi ya waundaji walipotengeneza vyombo vyenye sehemu ya kioo, walikuwa wakijibu hoja ya uaminifu, si ya kemia. Hakuna kitabu cha kemia kitakachomfunza hilo mwanafunzi asiyewahi kuketi kwenye mizani ya mnunuzi wa dhahabu.

JINSI YA KUFUNDISHA

Je, mambo haya yafundishwe vipi? Kwanza, mwanafunzi atazame kabla ya kuchora. Aliyepewa kazi ya kuunda chombo cha maji aifuate safari ya maji yenyewe, kutoka ziwani au kisimani, kichwani mwa mbebaji, hadi kikombeni. Ataona kuwa jerikeni ya plastiki imeshinda katika kuteka na kubeba kwa sababu ni nyepesi na haivunjiki, ilhali mtungi umeshinda katika kuhifadhi na kupoza. Familia hiyo haibishanii ukale na usasa, imegawa kazi.

Pili, aulize nani. Nani hununua chombo, nani hukibeba, nani hukiosha, nani haruhusiwi kukigusa? Katika nyumba nyingi anayelipa siye anayetumia. Mwanafunzi atakayezungumza na mwenye boma pekee, akaondoka bila kumsikiliza mama aliye jikoni, atarudi chuoni na nusu ya jibu.

Tatu, ajifunze kutoamini sifa za haraka. Mgeni anapoonyesha kazi yake, mwenyeji mwenye adabu humwambia ni nzuri. Ni afadhali kielelezo cha bei rahisi kiachwe nyumbani kwa majuma kadhaa, kisha mwanafunzi arudi bila maswali mengi. Akikuta chombo chake kimegeuzwa kiota cha kuku, amepata jibu la kweli kuliko dodoso lolote.

Nne, wahadhiri wabadilishe namna ya kutoa alama. Mwanafunzi akipewa alama zote kwa mchoro maridadi, atajifunza kuchora tu. Apewe pia alama kwa kueleza ni wapi mtumiaji alimpinga, na ni nini alichokibadilisha kutokana na pingamizi hilo.

Tano, aheshimu wenye maarifa. Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka wa 2001 humwezesha mbunifu kusajili umbo jipya la bidhaa na kulilinda. Mwanafunzi aliyefunzwa na mfinyanzi kuhusu unene wa ukuta wa mtungi, kisha akasajili umbo hilo kwa jina lake pekee, ametumia sheria kumpokonya mwalimu wake.

PINGAMIZI NA MAJIBU

Wapo watakaosema kuwa ziara za vijijini ni ghali, na kwamba kiwanda hakiwezi kutengeneza chombo tofauti kwa kila kijiji. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, gharama ya kuuliza hulipwa mara moja, ilhali gharama ya kutouliza hulipwa kila shehena ya vifaa inapoishia ghalani. Tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, kaunti zenyewe hununua vifaa vya zahanati na vya maji kwa pesa za umma; hasara ni ya mlipa ushuru.

Wengine watauliza iwapo kuheshimu utamaduni si kuwafungia watu katika mambo ya kale. La hasha. Utamaduni hubadilika, na mtumiaji ndiye huubadilisha anapoona faida. Aliyeipokea jerikeni na simu ya mkononi hakulazimishwa. Anachodai ni kuulizwa kile kisichofaa kupotea wakati kipya kinapoingia. Kwa nyumba za Homa Bay, jibu lilikuwa maji baridi.

Aidha, zipo desturi ambazo msanifu hapaswi kuzibembeleza, hasa zinapomnyima mtoto au mwanamke usalama. Lakini hata hizo hawezi kuzikabili asipozielewa.

Vyuo vyetu vinaendelea kuwafunza vijana kuchora kwa kompyuta mistari iliyonyooka kuliko ile ya walimu wao. Ujuzi huo ni mzuri na unahitajika. Lakini mfinyanzi wa Homa Bay, ambaye mkono wake ulipunguza upana wa mdomo wa mtungi bila kuupunguzia ubaridi maji yake, alikuwa na kitu kimoja ambacho kompyuta haikiuzi: alikuwa akinywa maji ya mtungi huo kila siku. Kijana asiyeyanywa na aende akayaombe kwa wenyewe, aketi, na asikilize.